Mama anakwenda kutibiwa India: pesa tuzibebe vipi?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Mbagala. Mama yangu anakwenda Chennai, India, kufanyiwa upasuaji wa moyo, na kati ya sisi watoto watano mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsindikiza. Viza zimetoka, yake ya mgonjwa na yangu ya msindikizaji. Tiketi zimelipwa. Zimebaki siku kumi na nane.

Pesa tumezihangaikia mwaka mzima. Kaka yetu mkubwa kauza kiwanja chake cha Chanika, dada zangu wamevunja vikoba vyao, msikitini wamechanga, na wazee waliofanya kazi bandarini na marehemu baba nao wameleta walichonacho. Zimefika milioni 22. Hospitali imetuandikia kadirio la dola 5,800. Zitakazobaki ni za chumba, chakula na dharura. Zote zipo ndani, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama.

Sasa kila mtu ana lake. Kaka haamini benki, anasema watakata makato mpaka tushangae. Anataka zote zigeuzwe dola taslimu, nizishone kwenye gaguro la mama, kwa kuwa mgonjwa hapekuliwi. Mjomba anasema bora zikae kwenye sanduku la nguo, katikati ya vitenge. Shemeji anamjua kijana wa Kariakoo anayeuza dola kwa bei ya chini kuliko maduka, haulizi kitambulisho wala hatoi risiti. Jirani aliyekwenda India mwaka 2014 kaniletea bahasha yenye noti kumi na nne za rupia 1,000, eti zitufae siku za mwanzo. Na wakala aliyetushughulikia viza anadai ada yake kwa dola, anasema shilingi hapokei.

Sijawahi kupanda ndege, Mama. Nimewahi kushika dola mara moja tu, noti ya mtu mwingine. Hizi si pesa zangu, ni za watu wote hawa, na zikipotea mikononi mwangu sijui nitarudi Mbagala kwa uso gani. Nifanyeje?

Msindikizaji, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole yangu, na wewe pole kwa mzigo huo. Nilikaa dirisha la fedha za kigeni miaka mingi kabla ya kustaafu, kisha nikamsindikiza dada yangu Chennai kwa maradhi ya namna hiyohiyo. Ninayokuambia nimeyaona pande zote mbili za kioo.

Kwanza lile sanduku la bati. Ukimaliza kusoma hapa, kama ni saa za kazi, mwite kaka, kodini gari mpeleke hizo pesa benki leo. Kama jua limeshazama, asubuhi. Mtaa mzima unajua mmechanga, msikiti unajua, wazee wa bandarini wanajua. Hakuna mbaya kati yao, lakini habari njema haikai kwa watu wema peke yao. Ziingie kwenye akaunti yenye jina lako, na kama benki inaruhusu, kaka naye awe mtia saini.

Baada ya hapo shika neno hili moja, mengine yote yatajipanga nyuma yake: pesa za hospitali zisisafiri na nyinyi. Ziende zenyewe, kutoka benki ya hapa hadi akaunti ya hospitali, na zifike kabla yenu. Mkononi mbebe za siku za mwanzo tu.

Sisemi hivyo kwa sababu nilikuwa mtu wa benki. Sheria ya kodi ya India, tangu Aprili 2017, inamkataza mtu kupokea taslimu ya rupia 200,000 au zaidi kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja, na hospitali zimo. Dola zenu 5,800 zikigeuzwa rupia zinapita kiwango hicho zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo hata kama gaguro lingefika salama, ungesimama mbele ya mhasibu na bunda ambalo hawezi kulipokea lote, mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, na wewe hujui pa kwenda.

Na gaguro lenyewe lisingefika salama. Hapa kwetu anayetoka au kuingia na fedha taslimu kuanzia dola 10,000, au thamani yake kwa fedha nyingine, anatakiwa kutoa tamko forodhani. Milioni 22 hazifiki huko, kwa hiyo Dar mngepita. India wana kipimo chao: noti za kigeni zikizidi dola 5,000 lazima ujaze fomu ya tamko unapoingia. Kutamka hakukatwi kodi, ni kusema tu ulichonacho. Anayekamatwa nazo zimeshonwa ndani ya nguo bila tamko ndiye anayenyang'anywa. Mwambie kaka pia kwamba mgonjwa anapekuliwa. Dada yangu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na mkaguzi wa kike alimpapasa kuanzia mabega hadi soksi, kwa adabu, lakini hakuruka kitu.

Namna ya kutuma ni hii. Nenda benki na barua ya kadirio yenye nembo ya hospitali, nakala za pasipoti na viza zenu zote mbili, na barua ya rufaa ya daktari kama mnayo. Sema unataka kutuma TT ya matibabu, yaani pesa ziende moja kwa moja kutoka benki hadi benki. Watahitaji jina la akaunti ya hospitali, namba yake, jina la benki na tawi, na msimbo wa SWIFT, yaani alama za kuitambulisha benki hiyo kimataifa. Wakikuuliza IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, usihangaike kuitafuta, India haitumii. Kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua nani abebe ada za njiani. Chagua OUR, yaani ada zote zitoke kwenu, la sivyo benki ya katikati itamega kidogo na hospitali itapokea pungufu, halafu muanze kusumbuliwa kwa dola thelathini siku ya kulazwa. Tuma angalau wiki moja kabla ya safari, kwa sababu sikukuu za kwao si zetu na pesa zinaweza kulala njiani siku mbili tatu.

Jina la akaunti lilingane kabisa na jina la hospitali. Si la daktari, si la wakala, si la "mratibu wa wagonjwa wa Afrika". Na kabla ya kutuma, piga simu hospitali kwa namba uliyoitoa wewe mwenyewe kwenye tovuti yao, wakusomee namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona mama mmoja akilia mbele ya dirisha langu. Barua pepe ya hospitali ilikuwa ya kweli, ila ilifuatiwa na nyingine iliyofanana nayo, ikisema "tumebadilisha akaunti". Pesa zilikwenda, hazikurudi. Waulize pia, wakujibu kwa maandishi, gharama ikiwa pungufu ya mlicholipa salio litarudishwa vipi na baada ya siku ngapi.

Kaka usimbishie kwa maneno. Nenda naye. Aulize ada kwa kinywa chake, atajiwe kwa shilingi, aiandike. Mtu aliyeuza kiwanja ana haki ya kuona kila senti inakokwenda, na akishika mkononi nakala ya SWIFT, karatasi ya benki ya kuonyesha pesa zimetumwa, yenye jina la hospitali na kiasi, moyo wake utatulia kuliko kuliona gaguro likipotelea mlango wa abiria. Halafu mpe kazi: yeye ndiye atakayebaki na saini. Ikitokea upasuaji umeongezeka gharama, wewe uko wodini, huwezi kurudi Dar kusaini karatasi. Yeye ataingia benki na kutuma.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme siku hiyo dola inauzwa shilingi 2,550. Za hospitali ni 14,790,000. Ukinunua dola 1,000 za kubeba, ni 2,550,000. Toa ada za benki, unabaki na milioni nne na nusu na ushee. Hizo ziache kwenye akaunti kwa shilingi. Usizigeuze kwa woga. Angalia tena mfano huohuo: duka linalouza dola kwa 2,550 huenda linanunua kwa 2,450. Ukigeuza milioni 22 zote leo utapata kama dola 8,627, na safari ikiahirishwa ukazirudisha kesho, utapewa 21,136,150. Laki nane na zaidi zimeyeyuka na hamjafika hata uwanja wa ndege. Kila mara noti inapogeuzwa inaacha kitu mezani.

Ubao wa dukani huwachanganya wengi. Panapoandikwa "kununua" ni duka linanunua dola kwako, na "kuuza" ni duka linakuuzia wewe. Wewe unatazama safu ya kuuza, unatafuta iliyo ndogo. Benki Kuu huweka kiwango chake kwenye tovuti kila siku ya kazi. Kisome asubuhi kabla hujatoka, kisha uliza sehemu tatu, mbili za mjini na benki yako. Duka liwe na leseni ya Benki Kuu ukutani, likuombe kitambulisho, likupe risiti. Risiti itunze, ndiyo ushahidi kwamba dola zako zina asili.

Kijana wa Kariakoo achana naye. Kuuza fedha za kigeni bila leseni ni kosa kisheria, na mnunuzi hana pa kushtaki. Wakati wa uhaba wa dola mwaka 2023 wengi waliwakimbilia watu kama hao kwa sababu benki zilikuwa zinawapa kidogo kidogo, na ndipo tulipoanza kuletewa noti za kutia huruma. Mtu ameshika dola 2,000, anataka kuziweka, tunamwambia hapa kuna mia nne tu za kweli. Jiulize kwa nini mtu auze chini ya bei ya maduka.

Kwa kuwa hujazoea dola, nataka uijue noti ya mia kwa vidole. Dukani, kabla hujatoka dirishani, ishike. Kulia kwa uso wa Benjamin Franklin kuna utepe wa buluu. Haukuchapwa juu ya karatasi, umefumwa ndani yake, unazama na kuibuka. Inamisha noti mbele na nyuma huku ukitazama utepe: utaona vikengele na tarakimu 100 vikitembea kushoto na kulia. Pembeni kuna kidau cha wino cha rangi ya shaba, na ndani yake kengele. Ukiinamisha noti, kengele inageuka kutoka shaba kuwa kijani, kama imetokea pasipokuwa na kitu. Tarakimu 100 ya chini kulia nayo inabadilika vivyo hivyo. Pitisha ukucha begani kwa Franklin, utasikia mikwaruzo ya uchapaji. Iinue kwenye mwanga, uso wa pili wa Franklin utajitokeza upande wa kulia. Fanya hivyo kwa kila noti, hata foleni ikinung'unika nyuma yako.

Chukua toleo hilo la buluu, lililoanza kutolewa Oktoba 2013, na ukatae noti iliyochanika, iliyokunjwa hadi kufifia, au yenye alama yoyote ya kalamu au mhuri. Marekani yenyewe haijafuta noti zake za zamani, ila mwenye duka la ugenini hakulazimika kuzipokea. Mimi nilifika Chennai na noti moja ya mia yenye mhuri wa wino mdogo kama punje ya mchele kwenye kona. Yule kijana wa dirishani aliitazama, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja, hakusema neno. Nikarudi nayo Dar. Kwa dola 1,000 chukua noti nane za mia na nne za hamsini.

Rupia za jirani mrudishie, na umshukuru, kwani alitoa kwa moyo safi na hajui. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 serikali ya India ilizifuta noti za rupia 500 na 1,000 za wakati ule. Hazinunui hata maji. Tena sheria yao ya 2017 inafanya kuwa kosa mtu kuwa nazo zaidi ya kumi, na wewe ungeingia nazo kumi na nne. Rupia utazinunua hukohuko. Utakazopewa zitakuwa za 500 kwenda chini. Ukipewa noti ya 2,000 ikatae kwa upole, iliondolewa kwenye mzunguko Mei 2023, na kuibadilisha kutakupotezea siku.

Ada ya wakala mlipe kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazotolewa hapa nchini. Akibisha, mwambie akuandikie dai hilo kwenye karatasi yenye jina la ofisi yake. Hataandika.

Dola zako 1,000 zigawe. Nyingi ziwe kwenye mkanda wa kiunoni ndani ya nguo yako, pamoja na pasipoti. Chache ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ili unapolipa kitu usifunue tumbo mbele za watu. Sanduku la vitenge la mjomba lisipate hata dola moja, kwa sababu ukilikabidhi kaunta hulioni tena hadi Chennai, na mashirika ya ndege hayalipi fedha zilizopotea sandukuni. Kwenye ukaguzi utaambiwa uvue mkanda. Utie ndani ya mkoba, usubiri mkoba uingie kwenye mashine ndipo upite, na macho yako yawe upande unakotokea. Mwambie muhudumu wa kiti cha mama akusubiri. Hapo ndipo watu huharakishwa wakasahau.

Mkifika, uwanjani badilisha dola 100 tu, za teksi na chakula cha kwanza. Mimi nilifika usiku nimechoka, nikabadilisha 500 palepale kwenye kibanda cha kwanza. Asubuhi nilipita maduka ya mjini, nikasimama mbele ya ubao mmoja mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nyingine badilisha kidogo kidogo, mia au mia mbili, kwenye duka lenye leseni, na risiti zao zitunze: bila hizo, rupia zitakazobaki huenda zisigeuzwe kuwa dola siku ya kurudi. Omba noti ndogo. Wenyeji hulipa kwa simu hata chai ya barabarani, na dereva wa bajaji, wao huiita oto, atakuambia hana chenji ya 500.

Kadi yako ya benki ifunguliwe kwa matumizi ya nje kabla hujaondoka, na uulize kikomo cha kutoa kwa siku. Laini yako ya simu nayo ifunguliwe kupokea ujumbe ukiwa nje, kwa sababu namba za uthibitisho za benki zinakuja huko. Wengi wamekwama na kadi yenye pesa kwa kukosa ujumbe mfupi mmoja. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa rupia, chagua rupia. Ukichagua shilingi, kiwango anapanga mwenye mashine, na hakipangi kwa kukuhurumia.

Limebaki la mama. Kaka alikosea kutaka kumshonea mama pesa zote, lakini usimwache mikono mitupu. Siku ya tatu Chennai nilikwenda duka la dawa ng'ambo ya barabara, foleni ikanikamata saa nzima. Niliporudi dada yangu alikuwa amehamishwa wodi, peke yake, hajui lugha, hana simu, hana hata rupia ya kununua maji. Aliniambia usiku ule kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kujiona mzigo. Kwa hiyo mpe mama noti moja ya hamsini na rupia mia chache kwenye kile kipochi anachokwenda nacho sokoni, na karatasi yenye jina la hospitali, jina la daktari, mahali mlipofikia na namba yako ya simu. Usimwambie ni za dharura. Mwambie ni zake.

Mkitoka benki na kaka, niandikie. Wakikukwamisha kwenye karatasi yoyote, niandikie siku hiyohiyo, siku kumi na nane bado zinatosha kupanga upya.